Mwenye cheche ndiye afyeke

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu moto ulioteketeza malisho upande wa Kongwa nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, hadi mke wangu akatoka jikoni kuuliza nagombana na nani. Nalinunua gazeti lenu tangu nikiwa kazini na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Leo mnivumilie.

Mwandishi wenu alimsikiliza kiongozi, kiongozi akasema chanzo ni warina asali na wachungaji, habari ikaishia kwa kuwasihi wananchi waache tabia ya kuwasha moto ovyo. Basi. Swali hata moja hakuna. Lakini kwenye picha mliyoichapa, nyuma ya bega la huyo kiongozi, kuna nguzo tatu za umeme, ya katikati imelala upande kama mtu aliyetoka kilabuni, na weusi wa moto unaanzia pale pale chini yake. Mpiga picha wenu aliiona. Wengine wote walikuwa wanatafuta mtu mwenye kiberiti.

Mimi ni mmoja wa hao warina asali. Nina miaka 71, nina shamba dogo wilayani Chamwino, na hadi Septemba ya mwaka jana nilikuwa na mizinga 22, nimeitundika kwenye migunga pembeni ya eneo la malisho nililolifunga ili majani yakomae, lile ambalo Wasukuma huita ngitili. Laini ya umeme wa msongo wa kati inakatiza humo kwenda vijiji vya mbele. Ilipofika tulishangilia, sikatai, na beberu alichinjwa. Tangu siku ile ya pilau hakuna aliyerudi na panga.

Ilikuwa saa 8 mchana. Anayeujua upepo wa huku mwezi wa 9 hahitaji maelezo, ni ule unaokunyang'anya kofia na kukuachia vumbi. Nyaya kati ya nguzo mbili zilikuwa zimelegea siku nyingi, upepo ukipita zinacheza kama kamba wanayorukia watoto, na nilishatoa taarifa mara mbili, kwanza kwa mdomo, kisha kwa barua yenye muhuri wa kijiji. Siku hiyo zikagusana. Pa! Mwanga wa bluu, kisha vikadondoka vipande vyekundu, maana waya wa alumini ukigongana na mwenzake huku umeme unapita huyeyuka papo hapo, na matone yake hufika chini yangali yanawaka. Chini palikuwa na nyasi kavu za kunifika kiunoni. Umeme ukakatika, nikasema afadhali. Sijamaliza kusema, ukarudi wenyewe. Kumbe kuna kifaa kwenye laini kinachoukata na kuurudisha chenyewe baada ya muda mfupi, kwa kudhani labda ni tawi tu limegusa na limeshaondoka. Ukapiga tena, pa! Ukakatika, ukarudi, ukapiga mara ya tatu, kana kwamba unahakikisha. Nikapiga simu ya dharura. Binti akaniomba namba ya mita. Nikamwambia mwanangu, silalamikii mita, moto unawaka chini ya nyaya zenu, zimeni. Akasema, "Babu, bila namba ya mita mfumo hauendelei." Mita iko nyumbani, nyumba iko mwendo wa nusu saa, mimi nimeshika tawi mkono mmoja napiga moto. Vijana wa bodaboda walileta maji kwa madumu, kina mama wakakata matawi mabichi, tukaudhibiti jioni ulipofika kwenye korongo la mchanga. Mizinga 19 ilikuwa imekwisha. Nyuki hawakukimbia wote, wengi tuliwakuta wamegandamana na nta, rundo moja jeusi chini ya kila mti. Mafundi walifika kesho yake, wakakaza waya, kazi ya nusu saa, na kabla ya kupanda gari mmoja wao akayatazama majivu akaniuliza, "Mzee, mlikuwa mnarina?"

Fomu ya moto iliyojazwa baadaye inasema chanzo ni "shughuli za kibinadamu". Sipingi. Nguzo haikuota yenyewe.

Nilifanya kazi genge la reli, kipande cha kati ya Kikombo na Igandu, kuanzia mwaka 1976. Injini za mvuke zilikuwa bado zinapita, na injini ya mvuke hutema cheche. Kila kipupwe kikiingia, mnyapara alitutoa na mapanga tukafyeka kandokando ya reli, kisha mabaki tukayachoma wenyewe kidogo kidogo, alfajiri kabla ya upepo, madebe ya maji yakiwa tayari. Hakuna aliyemwendea mkulima wa Msagali kumwambia afyeke yeye kwa kuwa nyasi ni za kwake. Cheche ni za reli, panga ni la reli. Sikusoma sana, lakini hilo nililielewa siku ya kwanza.

Mwanangu ni fundi umeme, naye ndiye aliyenisomea mambo ya California. Tarehe 8 Novemba 2018 kulabu ya chuma iliyokaa kwenye mnara wa umeme karibu miaka 100 ililika hadi ikakatika, waya ukaachia, mji wa Paradise ukateketea na watu 85 wakafa. Kule hawakumtafuta mrina asali. Kampuni yenyewe ya umeme, PG&E, ilisimama mahakamani mwaka 2020 ikakiri makosa 84 ya kuua bila kukusudia. Na Australia, jimbo la Victoria, tarehe 7 Februari 2009, waya wa umri wa miaka 43 ulikatika Kilmore East, moto wake ukaua watu 119. Tume iliyochunguza mioto ya siku ile haikuishia kuwasihi wananchi. Ilitaka, pamoja na mengine, kwamba kwenye laini za waya mmoja kile kifaa cha kurudisha umeme chenyewe kizimwe kwa wiki 6 za hatari kubwa zaidi. Hapo nilimwambia arudie kusoma. Wiki 6! Mimi ningetosheka na mchana mmoja.

Na kwa kuwa kalamu iko mkononi, hili nalo. Uniti zangu zikiisha saa 4 usiku watu wa umeme wanajua dakika hiyo hiyo, giza. Waya ukilala chini siku nzima hawajui mpaka ng'ombe afe. Walipopitisha laini walikata mkwaju wa marehemu baba yangu, ambao kwa macho yangu ulikuwa mbali na nyaya, bila kulipa hata shilingi, wakasema pale ni mkuza, yaani njia ya laini, na mkuza ni wao. Sawa. Matawi wakayaacha pale pale yakauke. Nikitaka kupanda mti, mkuza ni wao. Nyasi zikiota, mkuza ni wangu. Mwanasheria yeyote anayesoma gazeti hili anifafanulie huo mkataba, maana sikumbuki kuutia dole gumba.

Najua nitaambiwa laini ni ndefu. Ni kweli, vijiji vya Tanzania Bara ni 12,318 na karibu vyote vimefikiwa na umeme, jambo jema. Ndiyo maana siombi jeshi. Naomba mbuzi. Kila kijiji laini inakopita kipewe mkataba wa mbuzi 40 na kijana mmoja mwenye simu, kuanzia Mei hadi mwisho wa Juni, wapite chini ya nyaya hatua 5 kila upande. Mbuzi hadai posho ya safari wala haulizi namba ya mita. Kijana apige picha kila nguzo iliyoinama na kila waya uliolegea, picha zibandikwe ofisi ya kijiji na tarehe juu yake, ili moto ukitokea tujue nani aliambiwa lini. Kukaza nyaya mbuzi hawezi, hiyo mafundi waimalize Julai, upepo haujachachamaa. Na kwenye ile fomu ya moto, juu ya mstari wa chanzo, kiongezwe kisanduku kimoja: "Je, kuna nyaya hapo juu?"

Mizinga yangu 3 iliyobaki sijaihamisha. Namwalika meneja wa umeme aje mwezi ujao, saa 8 mchana, tukae wote chini ya waya ule ule. Kiti nitaleta mimi. Asali sina.

Mrina asali,
Chamwino, Dodoma