Vijiti vya aiskrimu vitumike kufundishia wenzo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze walimu wa sayansi na wazazi wenzangu kuhusu mtambo mdogo wa kurushia ambao wanangu waliuunda nyumbani, hapa Pasua, mjini Moshi. Vijiti 7 vya aiskrimu vilifungwa kwa rababendi vikawa kitita. Vingine 2 vikafungwa pamoja ncha moja, kitita kikachomekwa katikati yao, na kizibo cha soda kikagandishwa kwenye ncha ya juu ili kibebe punje ya harage. Kijiti cha juu kikibonyezwa na kuachiwa, nishati iliyohifadhiwa katika kupinda kwake hugeuka kuwa mwendo, na harage huruka hadi ng'ambo ya sebule.

Utamu wenyewe huanza pale mtoto anapokisogeza kitita, ambacho ndicho egemeo (mahali kijiti cha juu kinapoegemea), akapima kwa rula jinsi umbali wa kuruka kwa harage ulivyobadilika, akaandika, kisha akarudia. Hapo wenzo, yaani kifaa kama ufito kinachoegemea mahali pamoja ili kuinua au kurusha kitu, ambao darasani hukaririwa kama shairi (nami niliukariri hivyo), huonekana kwa macho. Mawe yasitumike kabisa, wala mtambo usielekezwe usoni mwa mtu. Naziomba shule zetu zitenge walau kipindi kimoja kwa kazi hii.

Mzazi,
Pasua, Moshi