Mbu hawazaliwi kwenye mchicha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika kwamba bustani za uani zinaleta mbu mjini, na kwamba wenye nyumba wang'oe mboga wamwage zege. Mimi ni mama ntilie, napika Tabata, na mboga ninazouza nyingi zinatoka uani ninapoishi. Kwa hiyo nina maslahi yangu, sifichi.

Mbu huzaa majini, si majanini. Yule wa homa ya dengi, anayeuma mchana kweupe, hahitaji bwawa: tairi lililotupwa nyuma ya gereji linamtosha, au kopo, au kifuu chenye maji ya mvua. Wiki moja, siku kumi hivi, watoto wameshaota mabawa. Tena mayai yake hunata kwenye kuta za chombo, maji yakikauka yanasubiri mengine. Ndiyo maana pipa langu nalifunika, na kila Jumapili nalimwaga na kulisugua kwa ndani. Dengi iliposumbua Dar es Salaam mwaka 2014, na tena 2019, hata nyua zenye zege tupu zilikuwa na mapipa wazi. Mbona hilo hakuliandika?

Na zege lenyewe, jua la Januari likishalipiga kutwa, atandike mkeka juu yake saa mbili usiku tuone atakaa dakika ngapi. Masika ikija, maji yaliyokuwa yanazama ardhini yatakwenda kwa jirani.

Mimi ni mpangaji, sina ruhusa ya kuchimba, basi natumia viroba vya unga na mchele vinavyobaki kazini. Katikati ya kiroba nasimamisha kopo la maziwa lililotolewa kitako, nalijaza kokoto. Pembeni najaza udongo uliochanganywa na mbolea ya kuku. Mbolea iwe imeiva, mbichi huunguza mizizi. Nalivuta kopo juu, najaza tena, mpaka kiroba kijae na kokoto zisimame katikati kama nguzo. Usipoweka kokoto, maji huishia juu na udongo wa chini unabaki vumbi. Kisha natoboa matundu ubavuni kwa kisu na kupachika marando ya matembele, macho mawili matatu yaingie ndani ya udongo. Wiki ya kwanza nayafunika kwa makuti. Nikishaanza kuchuma nakata ncha tu, shina linatoa nyingine.

Viroba naviweka upande wa mashariki wa ukuta, vipate jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Matembele hayanyauki, na kiroba chenyewe hakichakai haraka, kwa sababu nailoni huliwa na jua mpaka ikachanika kwa kuguswa.

Mchicha ni wa haraka zaidi, wiki tatu mpaka nne unang'olewa, ila kwa joto hili unataka maji asubuhi na jioni. Bomba letu ni la mgao, hivyo nayatumia maji niliyooshea mchele na mboga. Maji ya kufulia yenye dawa ya madoa siyagusi. Bamia ndiyo isiyonipa kazi: jua hili kwake ni sherehe.

Kwa wenye nyumba: mkitaka kuweka zege, acheni basi hata ukanda mwembamba kando ya ukuta. Sisi wapangaji tutaufagia na kuumwagilia, wala hatutadai umiliki. Nimeshaona mwenye nyumba akiamuru mipapai yenye matunda ikatwe ili gari la mgeni wa siku moja lipate pa kugeuzia!

Msomaji yule, kama anakaa karibu, aje jioni baada ya kazi. Marando yapo ya kumpa, aje na mfuko wake, na nitamwonyesha pipa akague mwenyewe.

Mama ntilie,
Tabata, Dar es Salaam