Maji kwa miche iliyotolewa nje

Habari za asubuhi wanakikundi. Kwa mlioanza kuizoesha miche ya nyanya jua kabla ya kuihamishia shambani: ni kweli maji tunapunguza kwa siku 7 hadi 10 za kuizoesha, lakini kupunguza si kuacha. Jana nilitoa trei zangu saa 3 asubuhi, kufika saa 7 mchana majani yamelala kama kitambaa kilicholowa. Upepo ndio uliokausha udongo kuliko hata jua. Mwagilieni asubuhi kabla ya kutoa, chini kwenye shina, polepole mpaka maji yachuruzike matunduni. Mchana inueni trei. Ikiwa nyepesi, ongezeni kidogo. Udongo ukikauka juu tu, subirini. Wenye vikopo vidogo (nawajua!) waangalie mara mbili. Miche iliyonyauka ipigeni picha mlete hapa, nitajibu jioni.