Kihispania cha vibao vyetu kianzie kwenye Kiswahili

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme na wenye hoteli, manahodha, waongoza watalii na wachoraji wa vibao wa Lamu, Shela na Malindi. Agosti ni mwezi wa likizo Uhispania, na wageni wa lugha hiyo wanapofika kwetu hukuta menyu, vibao na vipeperushi vilivyoandikwa kwa ajili yao. Juhudi hiyo ni ya kusifiwa. Tatizo ni kwamba maandishi mengi yametolewa kwenye Kiingereza neno kwa neno, na neno linaloharibu kazi kuliko yote ni dogo na la kila siku: take.

Kwa Mwingereza, take ni kupiga picha, ni kupanda mashua, ni kumeza dawa, ni kumpeleka mgeni kwenye magofu ya Takwa, ni safari kuchukua nusu saa, na ukiongeza off inakuwa kuvua viatu. Kihispania hakina kitenzi kimoja cha kufanya kazi zote hizo. Mtafsiri akifungua kamusi hukutana kwanza na tomar, basi analibandika tomar kila mahali, na hapo ndipo mgeni anapoanza kukisia.

Jambo linalonisikitisha ni kwamba sisi hatukuhitaji kupita njia hiyo. Kiswahili kimekwisha kuigawanya take vizuri: tuna piga, panda, meza, peleka, chukua, vua. Kihispania nacho kimeigawanya, na mara nyingi kimekata palepale tulipokata sisi. Kwa hiyo kabla ya kuandika, sentensi ya Kiingereza iwekwe kando, iulizwe ingesemwaje kwa Kiswahili cha nyumbani, kisha kitafutwe Kihispania cha kitenzi hicho cha Kiswahili.

Tuanze na viatu, maana ndicho kibao kinachohitajika zaidi penye misikiti na nyumba zenye mikeka. Sisi husema "Tafadhali vua viatu". Kuvua ni quitarse, na kibao kiandikwe hivi: "Por favor, quítense los zapatos". Ile se isiachwe. Ndiyo inayoonyesha kwamba mtu anajivua mwenyewe. Ukiandika "quiten los zapatos", umewaambia waondoe viatu vilivyokaa mahali fulani, kana kwamba vimeziba njia. Tena tazama kwamba Mhispania hasemi viatu "vyake". Husema viatu tu, kama sisi. Mwingereza ndiye anayeongeza "vyako", na anayetafsiri kutoka kwake huandika sus zapatos bila haja.

Umbo la quítense ni la kuwaambia watu wengi kwa heshima. Uhispania kwenyewe marafiki huambiana quitaos, lakini mgeni kutoka Mexico au Argentina halitumii umbo hilo kabisa. Kibao chenye umbo la ustedes, yaani ninyi ya heshima, kinamfaa kila mmoja na hakimvunjii mtu heshima, kwa hiyo hilo ndilo la kuchagua.

Picha nazo zina lake. Uhispania husema hacer fotos au sacar fotos, na Amerika ya Kusini hupenda tomar fotos. Zote zinaeleweka. Kwa mji wetu, ambapo wanawake wengi hawataki kupigwa picha njiani, kibao chenye faida ni "Pidan permiso antes de hacer fotos", yaani ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Ila hapa Kiswahili chenyewe kinaweza kukuponza. Piga yetu ni pana kama take ya Waingereza: tunapiga simu, pasi, mbizi na hodi. Ukitafuta piga peke yake utapewa golpear au pegar, na "pegar una foto" ni kubandika picha kwa gundi. Kupiga simu ni llamar, kupiga pasi ni planchar, kupiga mbizi ni bucear. Penye piga, tafuta Kihispania cha tendo lote, si cha piga.

Kupeleka na kuleta ndipo Mswahili anapomshinda Mwingereza waziwazi. Kihispania kina llevar na traer, na mpaka kati yao ni ule ule wetu: traer huja aliko msemaji, llevar huenda kwingine. Nahodha aandike "Les llevamos a Takwa". Akiandika "Les tomamos a Takwa" kwa kufuata take, mgeni anasoma kitu kama "tunawashika hadi Takwa". Na kwa kuwa mkondo wa kuingilia Takwa unahitaji maji yaliyojaa, aongeze "La salida depende de la marea", kuondoka kunategemea maji, ili asilaumiwe saa zikibadilika. Mhudumu wa mkahawa naye aseme "Le traigo la cuenta", nakuletea hesabu. Chakula cha kubeba ni "comida para llevar". Hakuna haja ya tomar hata moja hapo.

Kwa muda, kitenzi ni tardar. Kutembea kutoka mjini hadi Shela: "A pie se tarda unos cuarenta minutos". Amerika ya Kusini utasikia demorar, na wengine husema toma, kwa hiyo anayeandika "toma cuarenta minutos" ataeleweka, ingawa mtu wa Madrid atahisi harufu ya Kiingereza. Tardar ina maana ya kuchelewa pia. "No tarden" ni msichelewe, na ni sentensi nzuri kwa nahodha anayewashusha watu Manda na kuwaambia saa ya kurudi.

Hata hivyo tomar lisifukuzwe kabisa. Lina mahali pake: dawa, vinywaji, uamuzi, kuota jua, na vyombo vya usafiri. "¿Qué van a tomar?" ndilo swali sahihi la mhudumu kwa meza nzima, kwa chakula na kinywaji pia. Kupanda mashua ni tomar el barco. Mhispania wa Uhispania atasema coger el barco, na vitabu vingi vya kujifunzia vilivyochapishwa huko hufundisha coger tangu kurasa za mwanzo. Naomba sana neno hilo lisichorwe kwenye kibao. Kwa watu wa Mexico, Argentina na nchi nyingine kadhaa za Amerika, coger ni neno zito la mambo ya chumbani, na familia iliyosimama gatini na watoto haipaswi kulikuta juu ya ubao wa mashua. Tomar haimuudhi yeyote.

Malindi kuna shida ya namna yake. Wengi kule wanakijua Kiitaliano kwa miaka mingi ya kufanya kazi na Waitaliano, na wakija Lamu hukitumia kama daraja la kuvukia Kihispania. Daraja hilo lina mbao zilizooza. Take kwa Kiitaliano ni prendere, na mtu hulipunguza likawa prender. Kwa Kihispania prender ni kukamata, na Amerika ya Kusini ni kuwasha moto au taa. Salire ya Kiitaliano ni kupanda, salir ya Kihispania ni kutoka. Nahodha anayenyoosha mkono na kusema "salir, salir" anawaambia wageni washuke, huku mkono wake unawaita wapande. Kupanda ni subir: "Suban, por favor".

Jikoni ndiko hatari zaidi. Burro kwa Kiitaliano ni siagi. Kwa Kihispania burro ni punda. Menyu yenye "pan con burro" inauza mkate na punda, tena katika mji ambao punda wanapita mlangoni mchana kutwa. Siagi ni mantequilla. Wala mtu asikimbilie manteca kwa kuwa ni fupi: Argentina manteca ni siagi, lakini Uhispania ni mafuta ya nguruwe. Hoteli yenye jiko la halali ikiandika manteca imejisingizia jambo zito. Gamba kwa Mwitaliano ni mguu, kwa Mhispania ni kamba wa kuliwa, na hapa Mswahili anayetafuta jina la kamba karibu alipate kinywani mwake mwenyewe.

Sasa nahau, ambazo hazifuati kitenzi hata kidogo. Take place, kufanyika, si tomar lugar. Ni tener lugar, au kwa sherehe, celebrarse: "El Maulidi se celebra en Lamu en el mes de Rabi al-Awwal", mwezi tunaouita Mfungo Sita. Take care kwenye ngazi za gati zenye utelezi ni "Cuidado con los escalones", na wakati wa kuagana ni "Cuídense". Take it easy, usiwe na haraka, ni "con calma" au "sin prisa". Wengine husema tranquilo, nalo ni zuri, ila kwa mwanamke ni tranquila. Kiswahili hakitenganishi mume na mke katika sifa, kwa hiyo kosa hili hutuponyoka hata tukiwa na lugha nzuri.

Take someone for a ride ni kumtapeli mtu. Ikitafsiriwa neno kwa neno inakuwa "llevar de paseo", kumtembeza mtu kwa raha zake. Kipeperushi cha mashua kinachotaka kuahidi uaminifu kikaandika "No le llevamos de paseo" kimewaambia wageni kwamba hakuna matembezi, yaani kimeifuta biashara yenyewe. Kutapeli ni timar au engañar. Wapo wanaodhani tomar el pelo inafaa hapo, kwa sababu ina tomar ndani yake. Hiyo ni kumchezea mtu shere, mzaha bila wizi. Mimi ningeacha nahau kabisa na kuandika "Precio fijo", bei haipungui, na kiasi chenyewe chini yake. Mgeni anayeogopa kuibiwa hutulizwa na tarakimu.

Take for granted, kuchukulia jambo kuwa ni la hakika, ni dar por sentado. Hapa Kiswahili hakitusaidii, kwa sababu nasi tunatumia chukulia, na chukulia itakurudisha kwenye tomar. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyechukua sura ya babake: Mhispania husema "ha salido a su padre", kana kwamba ametokea kwa baba. Nahau za namna hii ni za kukariri nzima nzima. Kamusi ya Real Academia Española, chuo cha lugha cha Uhispania, inapatikana bure kwenye intaneti, lakini anayeitumia ajue kwamba nahau yenye nomino haitafutwi chini ya kitenzi, hutafutwa chini ya nomino. Tomar el pelo iko chini ya pelo.

Kuhusu tafsiri ya simu, naona watu wakiikosea namna ya kuitumia. Wanaandika neno moja, au nusu sentensi kama "take boat", na programu haina pa kushika, basi inachagua maana iliyozoeleka. Iandikiwe sentensi kamili, yenye mtendaji na kinachotendwa. Halafu wanaligeuza jibu lirudi Kiingereza ili kuhakikisha, na likirudi sawa wanaridhika. Kipimo hicho hakifai kwa neno hili, kwa kuwa tomar mbovu na tomar nzuri zote hurudi take. Ligeuze lirudi Kiswahili. Likirudi "shika" mahali ulipotaka "peleka", kosa limeonekana. Kisha liandike jibu zima ndani ya alama za kunukuu kwenye kitafutio cha intaneti. Sentensi ambayo Wahispania huitumia itatokea kwenye kurasa nyingi zao wenyewe.

Mwisho ni wachoraji. Mchoraji apewe maandishi yaliyopigwa chapa, yasisomwe kwa mdomo wala kuandikwa kwa mkono nyuma ya risiti. Alama ndogo juu ya herufi ni sehemu ya neno: tomo ni ninachukua, tomó ni alichukua. Alama za kuuliza na za mshangao hufunguliwa mwanzoni zikiwa zimepinduliwa, ¿ na ¡. Na ñ ni herufi kamili, si n yenye pambo. Hoteli inayotundika salamu za mwaka mpya iandike "Feliz año nuevo". Bila kile kimkia, año inakuwa ano, nayo ni tundu ya haja kubwa. Kama mchoraji hana nafasi ya kimkia kwa sababu mstari wa juu umebana, apunguze ukubwa wa herufi za mstari mzima kabla hajachovya brashi.

Mwalimu wa lugha,
Langoni, Lamu