Marekani haikutuahidi chochote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwa uchungu kwamba Marekani imetuvunjia ahadi sisi Waafrika. Alitaja misaada iliyokatwa, jirani zetu wa Burundi kuwekewa vikwazo vya viza Juni 2025, na Watanzania kuingizwa Oktoba mwaka huohuo kwenye orodha ya wanaoweza kudaiwa dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000 kabla ya kupewa viza ya matembezi. Uchungu wake naufahamu. Ila hiyo ahadi ilitolewa na nani, lini, na aliambiwa nani?

Nimefundisha historia sekondari hadi nikastaafu, kwa hiyo mnivumilie nikianzia mbali. Wamarekani walitufikia kama wafanyabiashara. Mwaka 1833 walitiliana mkataba na Seyyid Said, na 1837 wakafungua ubalozi mdogo Unguja. Meli za Salem, Massachusetts, zilileta vitambaa vya merikani, zikaondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Mwaka 1840 merikebu ya Seyyid iitwayo Sultana ilitia nanga New York ikiwa na mjumbe wake, Ahmad bin Naaman, pamoja na shehena ya pembe, karafuu, tende, kahawa na ngozi. Wenyeji waliikarabati merikebu ile bure, wakamchora Ahmad picha ambayo ipo hadi leo, naye akarudi na vitambaa, bunduki na shanga. Biashara yenyewe haikuwa safi: pembe zilifika pwani mabegani mwa wapagazi na watumwa, na kule Connecticut zikakatwa kuwa vibonye vya piano. Lakini Ahmad alijua amepeleka nini na amerudi na nini.

Tuje karibu zaidi. Wengi huzitaja zile ndege za 1959, zilizowapeleka wanafunzi wa Kenya kusoma Marekani, kama ushahidi wa ukarimu wa Marekani. (Na wengi humpandisha humo baba yake Barack Obama, ingawa yeye alikwenda Hawaii kwa njia yake.) Ukarimu ulikuwepo, sikatai, lakini kazi ilikuwa ya Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya. Ni yeye aliyezunguka Marekani akizungumza na vyuo, akikusanya nafasi za masomo moja moja, huku wazazi vijijini wakichanga na kuuza mifugo. Watu kama Harry Belafonte, Sidney Poitier na Jackie Robinson wakamsaidia kutafuta nauli. Septemba 1959 vijana 81 wakatua New York. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikuwa imekataa kugharimia safari hizo, na mwaka uliofuata mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Mwaka 1960, tukumbuke, Kennedy alikuwa anagombea urais na kura za Wamarekani weusi alizihitaji sana. Kila upande ulipata chake. Upande wetu ulipata, miongoni mwa wengine, msichana wa Nyeri aliyekwenda kusoma Kansas mwaka huo, Wangari Maathai.

Kuna kisa kingine ambacho wanafunzi wangu walikipenda kuliko vyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mabalozi wa nchi mpya za Afrika walikuwa wakisafiri kwa gari kati ya New York na Washington, wakipita barabara namba 40 ya Maryland, ambako migahawa haikuhudumia watu weusi. Juni 1961 balozi wa Chad, Malick Sow, alinyimwa huduma huko. Habari ikaenea duniani, na Moscow ikapata la kusema. Serikali ya Kennedy, iliyokuwa inashindana na Wasovieti kutafuta marafiki Afrika, ilituma watu kuwabembeleza wenye migahawa, wanaharakati wa haki za weusi wakaingia barabarani kwa nguvu zaidi, na 1963 Maryland ikapitisha sheria dhidi ya ubaguzi huo, ingawa haikugusa kila wilaya. Wamarekani walikuwa wameandika tangu 1776 kwamba watu wote wameumbwa sawa. Walikuwa wamejiahidi wao kwa wao, na wao wenyewe walikuwa hawajatimiza. Balozi wa Chad hakuwadai fadhila yoyote, alitaka tu kuhudumiwa kama mteja.

Sasa misaada. Watu wa rika langu tumekula bulga shuleni na unga wa njano tulioubatiza unga wa Yanga, kutoka kwenye magunia yenye mikono miwili iliyoshikana. Tulishiba na tulishukuru. Rais Bush alipokuja Februari 2008, kina mama walimpokea wakiwa na vitambaa vyenye sura yake, na Obama alipokuja 2013 tukampa barabara ya baharini Dar es Salaam. Hakuna ubaya kumshukuru mgeni.

Kwenye dawa za UKIMWI nakubaliana na msomaji mwenzangu nusu. Tangu Bush alipoanzisha mpango wake wa UKIMWI mwaka 2003, nchi yetu ikiwa miongoni mwa za mwanzo, mamilioni ya watu Afrika wamekuwa hai kwa sababu yake. ARV hunywewa kila siku, maisha yote. Anayemwanzishia mtu dawa ya namna hiyo kisha akasimamisha misaada kwa siku 90, kama alivyofanya Rais Trump tarehe 20 Januari 2025, hawezi kujitetea kwamba ni mabadiliko ya sera tu. Waliokuwa wakihudhuria CTC, yaani kliniki za UKIMWI, wanajua hofu ya wiki zile. USAID yenyewe, shirika la misaada la Marekani, ikasitisha rasmi kazi zake za misaada tarehe 1 Julai mwaka huohuo.

Lakini ahadi iliyoandikwa ipo, na si ya Washington. Aprili 2001, mjini Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Wetu pia. Miaka zaidi ya ishirini imepita, na nchi zilizofika hapo na kubaki hapo ni za kuhesabu. Sijaona barua hata moja ya uchungu kuhusu Abuja kwenye ukurasa huu. Methali ya mtegemea cha nduguye tumeinukuu hadi imechakaa, na huwa tunamnukulia Mmarekani.

Nimalizie na vijana, maana msomaji alisema wamelewa ndoto ya Marekani. Wale waliokuwa wakijazana steshenari kujaza bahati nasibu ya green card, kile kibali cha kuishi Marekani, nimeongea nao sana, wengine niliwafundisha. Wanajua habari za bunduki na ubaguzi. Wana binamu huko wanaofanya kazi mbili ili walipe kodi ya nyumba. Walijua pia kwamba viza zenyewe zilikuwa hazizidi 55,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, na kwamba vishoka wamewatoza watu miaka yote kwa fomu iliyokuwa ya bure. Walicheza kwa sababu hapa walihesabu wakaona hesabu haitoki. Kuwaita walevi ni kuwaonea.

Desemba 2025 Kenya ilisaini na Marekani makubaliano ya afya: dola bilioni 1.6 kutoka Marekani kwa miaka mitano, na Kenya kuongeza dola milioni 850 za kwake. Wiki haijaisha vizuri, Wakenya wakawa mahakamani kuhoji taarifa za wagonjwa zitakwenda kwa nani, na Mahakama Kuu ikasimamisha kipengele hicho. Hawakulia wala kushangilia. Waliusoma mkataba. Kwa hiyo ombi langu kwako, Mhariri, ni moja: mkataba wowote wa aina hiyo unaotuhusu sisi, uchapeni wote gazetini, kwa Kiswahili, pamoja na kile ambacho serikali yetu imekubali kulipa.

Mwalimu mstaafu,
Tanga