Presha inapimwa kwa pupa

Ndugu Mhariri,

Mimi ni muuguzi mstaafu, na kosa ninalotaka kulizungumzia nimelifanya mwenyewe kwa miaka mingi. Mgonjwa ameingia akihema, namketisha kwenye benchi lisilo na egemeo, namfunga mkanda wa mashine ya presha mkononi juu ya nguo huku namuuliza habari za nyumbani. Namba ikitoka, naiandika kwenye kadi na kuita anayefuata.

Namba ya namna hiyo haiaminiki. Mkono ukining'inia chini ya usawa wa moyo, kila sentimita 10 huongeza kipimo kwa milimita 7 hivi za zebaki, yaani kizio cha kupimia presha. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene nao hukipandisha, sawa na kibofu kilichojaa, miguu iliyopishanishwa, na hata zile salamu nilizokuwa nikimpa. Mambo mawili matatu yakikutana, mtu ambaye namba yake ya juu ni 132 anaweza kuandikwa 148 na kuanzishiwa dawa. Aliyekwisha kuanza huongezewa dozi, kisha anarudi akilalamika kizunguzungu kila akisimama.

Kanuni yenyewe haina ugumu. Nusu saa kabla ya kupimwa, mtu asinywe kahawa, asivute sigara, asifanye mazoezi. Aende msalani. Aketi kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono usio na nguo juu ya meza. Apimwe mara mbili, dakika moja katikati. Siku ya kwanza ipimwe mikono yote miwili, na baadaye ufuatwe ule uliosoma juu zaidi.

Najua wenzangu watajibu kwamba muda haupo. Lakini mgonjwa huyo amekaa kwenye foleni kwa muda gani? Wekeni kiti chenye egemeo karibu na mashine, anayefuata akae hapo anyamaze wakati mwenzake anahudumiwa. Dakika 5 zimeshapatikana.

Kipimo cha nyumbani nacho kipewe heshima yake. Wapo ambao presha hupanda wakimwona mtu wa koti jeupe tu, na wapo ambao kwetu husoma vizuri ilhali nyumbani iko juu. Hawa wa pili ndio walionitia hofu zaidi. Mashine ya kufunga juu ya kiwiko ni bora kuliko ya kifundo cha mkono. Mtu apime asubuhi na jioni kwa siku 7, mara mbili kila safari, aziache namba za siku ya kwanza, zilizobaki atafute wastani. Nyumbani, mpaka wa kuhesabiwa presha ya juu ni 135/85. Kliniki ni 140/90. Na aziandike zote! Nimeona madaftari mengi yenye namba nzuri tupu, kana kwamba ni mtihani.

Asitokee wa kuacha dawa kwa sababu ya barua hii. Presha ya juu mara nyingi haina dalili, na kujisikia vizuri si kipimo. Ikisoma 180/120 au zaidi pamoja na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, au udhaifu wa upande mmoja, hiyo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa wanaosimamia vituo nina ombi moja dogo: mkanda mkubwa utoeni kabatini. Kwetu ulikuwepo miaka yote, ukiwa bado kwenye mfuko wake wa plastiki.

Muuguzi mstaafu