Kwa mpwa wangu anayechora umati

Mpwa wangu mpendwa,

Umati unakushinda kwa sababu unataka kumchora kila mtu. Tafuta picha ya mchoraji Mfaransa Honoré Daumier iitwayo "Behewa la Daraja la Tatu", ile iliyoko Metropolitan Museum, New York. Aliichora kwa rangi za mafuta kati ya mwaka 1862 na 1864 hivi, na turubai ni ndogo, kama sentimita 65 kwa 90, lakini ukiitazama unahisi behewa zima limejaa.

Sasa hesabu. Kwenye benchi la mbele yupo mama na mtoto wake mchanga, bibi mwenye kikapu mapajani, na mvulana aliyelala. Basi! Waliobaki nyuma ni kofia, migongo, na nyuso za mistari miwili mitatu. Sisi tunampa kila abiria macho, pua na vifungo vya shati, vichwa vinajipanga kama chupa dukani, na jicho linakosa pa kutua. Nuru nayo ameiingiza kwa madirisha ya upande mmoja tu, kushoto.

Itazame mikono ya bibi, tafadhali, usiipite. Imekutana juu ya kikapu, minene, vidole vimeshikana karibu kuwa kitu kimoja. Hutaona kucha wala mishipa, ila uzito wa miaka yake unauona.

Bahati yetu ni kwamba hakuimaliza. Mistari ya miraba bado inaonekana juu ya turubai: unagawa mchoro mdogo kwa miraba, unagawa turubai kwa idadi ileile, kisha unahamisha mraba mmoja mmoja. Ukikuza kwa macho tu, vichwa huvimba na benchi huishiwa nafasi kabla hujamfikia mtu wa mwisho.

Ile mistari mizito ya kiza inayozunguka miili ni mkono wa mchora litografia, yaani picha inayochorwa juu ya jiwe kisha kuchapwa kwenye karatasi. Daumier alichora karibu 4,000, nyingi kwa magazeti ya Paris, kwa krayoni ya mafuta juu ya jiwe la chokaa. Jiwe lile hushika hata mafuta ya kidole, na alama yake hutokea kwenye karatasi; anayelizoea hujifunza kukata shauri kabla ya kugusa.

Ukimaliza hapo, tafuta picha za rangi za maji alizomchorea William Walters, mkusanyaji wa sanaa wa Marekani, mwaka 1864, ziko Baltimore hukohuko Marekani: daraja la kwanza, la pili na la tatu. Weka ya kwanza kando ya ya tatu, upime nafasi kati ya bega na bega.

Mjomba wako